Gari la Umeme na Nyumba ya Kupanga: Somo Kutoka California



Nimetakiwa nizungumze juu ya magari yaendeshwayo kwa umeme. Bila shaka wengi wenu mlitazamia kusikia habari za mitambo, betri na bei. Hayo nitayagusa, kwa kuwa hayakwepeki. Lakini neno ninalotaka kulisema hasa ni kwamba gari la umeme, kabla halijawa suala la mitambo, ni suala la nyumba. Anayetaka kujua ni nani atakayefaidi gari hilo, na ni nani atakayebaki akilitazama likipita, asiulize kwanza bei ya gari. Aulize mtu huyu analala wapi, na nyumba anayolala ni ya nani.

Nitachukua mfano wa mahali pamoja, nao ni jimbo la California huko Marekani, hususan miji inayoizunguka Ghuba ya San Francisco. Pale pamekutana mambo mawili yaliyofika kileleni. Kwanza, ndipo magari ya umeme yalipoenea kuliko sehemu nyingine nyingi za Marekani: katika mwaka 2023 na mwaka 2024, karibu robo ya magari mapya yaliyouzwa California yalikuwa ya aina isiyotoa moshi au yenye kuchajiwa kwa waya. Pili, ndipo nyumba zilipo ghali kupindukia. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 bei ya kati ya nyumba ya familia moja katika jimbo zima ilivuka dola 900,000, na katika miji mingi ya Ghuba bei hiyo imekwisha kupita dola milioni moja. Mambo haya mawili huzungumzwa kana kwamba hayajuani, ilhali ni ndugu wa tumbo moja.

Hebu tuone kwanza ughali wa nyumba ulivyotokea, maana haukushuka kutoka mbinguni. Ulitengenezwa na watu, kwa sheria zilizopigiwa kura. Mwaka 1916 mji wa Berkeley, ulio ng'ambo ya Ghuba, uliweka kanuni iliyotenga mitaa fulani kwa nyumba za familia moja tu. Kanuni za namna hiyo zikaenea, hata sehemu kubwa ya ardhi ya kujengea katika miji ya California ikawa haramu kwa nyumba ya ghorofa yenye kupangisha watu wa kipato kidogo. Mwaka 1970 ikapitishwa sheria ya kulinda mazingira. Nia yake ilikuwa njema, lakini katika miaka iliyofuata wakazi waliokwisha kujipatia nyumba waliitumia mara nyingi kufungua kesi za kuzuia majirani wapya wasijengewe. Mwaka 1978 wapiga kura wakapitisha sheria ijulikanayo kama Pendekezo la 13. Kodi ya majengo ikafungwa kwenye asilimia moja ya thamani, na thamani hiyo hairuhusiwi kupandishwa zaidi ya asilimia mbili kwa mwaka mpaka nyumba ibadilishe mwenyewe.

Matokeo yake ni rahisi kuyaelewa. Aliyenunua zamani hulipa kodi ndogo na hana haraka ya kuhama. Anayenunua leo hulipa kodi kubwa kwa nyumba iliyo sawa na ya jirani yake. Na halmashauri ya mji, ikiona kwamba duka kubwa huiletea mapato zaidi kuliko nyumba za kuishi, huvutiwa na duka. Wakati huohuo viwanda vya kompyuta na elektroniki vya bonde la Silicon vikawa vinaajiri watu kwa maelfu. Kazi zikaongezeka, nyumba hazikuongezeka kwa kadiri ileile, na bei ikapanda kama mchawi kwenye ungo.

Ni haki kusema kwamba viongozi wa jimbo hilo wameliona kosa. Mwaka 2021 ilitungwa sheria ya kuruhusu nyumba mbili mahali paliporuhusiwa moja, nayo ikaanza kutumika mwezi wa Januari 2022. Mji uleule wa Berkeley uliamua mwaka 2021 kuachana na kanuni yake ya zamani. Mwezi wa Juni 2025 Gavana Gavin Newsom alitia sahihi mabadiliko yanayoziondolea nyumba nyingi zinazojengwa ndani ya miji vikwazo vya sheria ile ya mwaka 1970. Lakini makosa ya karne nzima hayafutwi kwa kalamu ya siku moja, na nyumba haiinuki kwa sababu sheria imepitishwa.

Sasa, Ndugu Wasikilizaji, tuingize gari ndani ya picha hii. Mwezi wa Septemba 2020 Gavana Newsom alitoa amri kwamba ifikapo mwaka 2035 kila gari jipya la abiria litakalouzwa California liwe halitoi moshi. Mwezi wa Agosti 2022 bodi ya jimbo inayosimamia usafi wa hewa ikaipa amri hiyo kanuni na hatua zake. Njia haikunyooka: mwezi wa Juni 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi azimio la Bunge la Marekani la kufuta idhini ya kanuni hizo, na jimbo likafungua kesi. Nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500, iliyokuwa ikitolewa na serikali ya Marekani kwa mnunuzi wa gari la umeme, nayo ilikoma mwisho wa Septemba 2025. Hata hivyo magari yaliyokwisha kununuliwa yapo, nayo yanahitaji kula kila siku.

Yanakula wapi? Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu.

Gari la petroli linakunywa mahali pamoja kwa watu wote. Tajiri na kabwela hukutana kwenye pampu ileile na kulipa bei ileile kwa lita. Gari la umeme halina usawa huo. Linakula vizuri zaidi, na kwa bei nafuu zaidi, likiwa limesimama usiku nyumbani kwa mwenyewe. Mwenye nyumba yake ana banda la gari; ndani ya banda ana soketi; nyuma ya soketi ana mita iliyoandikwa jina lake; naye huchagua kuchaji usiku wa manane wakati umeme unapouzwa rahisi. Mpangaji wa ghorofa ya tatu, ambaye gari lake hulala kando ya barabara popote apatapo nafasi, hana hata kimoja katika hivyo. Yeye hulazimika kwenda kwenye vituo vya umma vya kuchaji haraka, ambako uniti moja huuzwa kwa bei inayopita sana ile ya usiku nyumbani.

Tupige hesabu ndogo, kama walimu tulivyozoea. Gari la kawaida la umeme hutumia kama uniti 18 kwa kilometa 100. Mtu anayesafiri kilometa 20,000 kwa mwaka atatumia uniti 3,600. Tuchukue kwa mfano kwamba mwenye nyumba anazipata kwa senti 30 za dola kila moja: atalipa dola 1,080 kwa mwaka. Tuchukue kwamba mpangaji anazipata kwenye kituo cha umma kwa senti 55: atalipa dola 1,980. Gari ni lilelile, barabara ni ileile, na umeme umetoka kwenye nyaya zilezile. Tofauti ya dola 900 haikuletwa na uvivu wa mtu wala ubadhirifu wake. Imeletwa na hati ya nyumba. Dau la mnyonge haliendi joshi, na likienda joshi ni Mungu kupenda.

Katika jimbo la California zaidi ya asilimia 40 ya kaya ni za wapangaji, na katika mji wa San Francisco wapangaji ni zaidi ya nusu. Kwa hiyo watu ninaowataja si wachache waliopotea njia. Miongoni mwao wamo wauguzi, makarani, madereva wa mabasi, na, ndugu zangu, walimu.

Kuna jambo la pili lililo zito kuliko hilo la bei. Nyumba zikiwa ghali mjini, mfanyakazi husukumwa nje. Wako wengi wanaofanya kazi San Jose au San Francisco lakini wanalala Stockton, Tracy au Modesto, ng'ambo ya vilima vya Altamont, kwa sababu huko ndiko kodi ya pango inakolipika. Kutoka Stockton hadi San Jose ni kama kilometa 120. Kwenda na kurudi ni kilometa 240 kwa siku. Tangu mwaka 1998 kuna treni iunganishayo miji hiyo miwili, lakini safari zake ni chache na zimefuata saa za kazi za ofisini. Anayefanya zamu ya usiku itamfaa nini?

Sasa angalieni jinsi mambo yanavyogongana. Soketi ya kawaida ya Marekani ina volti 120, na kwa gari hutoa kama kilowati 1.4. Kwa saa kumi za usiku ni uniti 14, zinazotosha kama kilometa 70. Mwalimu anayekaa kilometa 25 kutoka shuleni haitaji mtambo wowote wa fahari. Soketi ileile ya pasi na redio inamtosha. Lakini yule wa Stockton anahitaji uniti zaidi ya 40 kila siku. Kwa soketi ya kawaida angehitaji saa 30, na siku ya Mungu ina saa 24. Yeye lazima awe na waya mkubwa wa volti 240, wa ampea 32 au zaidi, ambao utamaliza kazi hiyo kwa saa sita. Na nyumba nyingi za zamani ziliwekewa umeme wa ampea 100, uliohesabiwa kwa jiko na taa, si kwa gari. Kuubadilisha uwe wa ampea 200 hugharimu maelfu ya dola.

Kwa ufupi, yule ambaye ughali wa nyumba umemtupa mbali ndiye anayehitaji umeme mwingi, ndiye mwenye nyaya dhaifu, na ndiye ambaye nyumba si yake hata aamue kuzibadili. Hapo huendelea na gari lake kuukuu la petroli, akipita kila alfajiri katika bonde la San Joaquin, ambalo hewa yake ni miongoni mwa zilizochafuka kuliko zote Marekani. Watoto wake ndio wanaoivuta hewa hiyo. Sera iliyotungwa kwa ajili ya kusafisha hewa imewafikia kwanza wale wenye hewa safi.

Mtauliza: je, hakuna sheria ya kumsaidia mpangaji? Ipo. Tangu tarehe 1 Julai 2015 mwenye nyumba wa California hana ruhusa ya kumkatalia mpangaji anayeomba kuweka chaja kwa gharama yake mwenyewe. Someni tena maneno hayo ya mwisho. Mpangaji atalipia mtambo, atalipia fundi, atalipia umeme. Na siku akipandishiwa kodi akahama, waya alioulaza utabaki ukutani kuinua thamani ya nyumba ya mtu mwingine. Tena nyumba zenye nafasi za magari chini ya tano zimeachwa nje ya sheria hiyo. Haki ya namna hii ni sawa na kumwambia asiye na shamba kwamba ana ruhusa kamili ya kulima.

Kwa majengo mapya mambo ni afadhali. Kanuni za ujenzi zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023 zilitaka jengo jipya la ghorofa litayarishwe kwa nyaya za kuchajia katika sehemu ya nafasi zake za magari. Hilo ni jema, kwa kuwa kuulaza waya wakati ukuta unajengwa ni rahisi mara nyingi kuliko kuubomoa ukuta baadaye. Lakini majengo mapya ni machache, na wengi wanaishi katika ya zamani.

Hapo huja hoja moja ambayo haina budi kujibiwa. Wako wasemao: kila nyumba ya ghorofa ilazimishwe kuwa na nafasi ya gari na chaja kwa kila mpangaji, mambo yatakwisha. Hayatakwisha. Nafasi moja ya gari ndani ya jengo la ghorofa hugharimu makumi ya maelfu ya dola kuijenga, na gharama hiyo huingizwa katika kodi ya pango, hata kwa yule asiye na gari. Ndiyo maana tangu Januari 2023 sheria ya California imeizuia miji kuwalazimisha wajenzi kuweka maegesho karibu na vituo vikubwa vya treni na mabasi. Kwa hiyo ukilazimisha maegesho, umeongeza bei ya nyumba. Ukiyaacha, umemnyima mpangaji mahali pa kuchaji. Mtu mwaminifu hakatai kwamba kuna mvutano hapa.

Mimi naona mvutano huo unafunguka tukianzia mwisho sahihi wa kamba. Lililo la kwanza si chaja, ni umbali. Mfanyakazi akikaa karibu na kazi yake, nusu ya tatizo la umeme wa gari imekwisha: ama atapanda basi, ama atatosheka na soketi ya kawaida. Nyumba iliyojengwa karibu na shule ni mtambo wa kuokoa nishati kuliko betri yoyote. Na mifano ipo. Katika Daly City, kusini mwa San Francisco, wilaya ya shule za sekondari ilijenga nyumba 122 kwenye ardhi yake yenyewe kwa ajili ya walimu na wafanyakazi wake, nazo zikafunguliwa mwaka 2022. San Francisco nayo, mwaka 2024, ilipata jengo la nyumba 135 liitwalo Shirley Chisholm Village, lililokusudiwa kwanza kwa watumishi wa shule. Ardhi ilikuwa ya umma, nayo ikatumika kwa watumishi wa umma. Nyumba 257 hazitamaliza shida ya mkoa wenye watu zaidi ya milioni saba, lakini zinaonyesha njia.

La pili ni kuacha tamaa ya ukubwa. Watu wengi hawahitaji chaja ya ampea 48. Katika majengo ya zamani afadhali soketi ndogo ishirini kuliko mitambo mikubwa miwili inayogombewa. Tena vipo vifaa vya kugawanya umeme kwa zamu kati ya magari, hata nyaya zilizopo zikatosha bila kubadilishwa.

La tatu ni kuupeleka umeme mahali gari linaposimama. Mji wa Los Angeles umefunga chaja kwenye mamia ya nguzo za taa za barabarani, maana taa za kisasa hutumia umeme mdogo kuliko zile za zamani, na nafasi ikabaki katika nyaya. Vivyo hivyo mahali pa kazi na viwanja vya shule: California ina umeme mwingi wa jua saa za adhuhuri, saa ambazo gari la mwalimu limesimama nje ya darasa. Kwa nini lisile wakati huo?

La nne ni bei. Katika Uingereza umeme unaotumika nyumbani hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, lakini unaonunuliwa katika vituo vya umma vya kuchaji umekuwa ukitozwa asilimia 20. Asiye na uwanja wa kuegesha hulipishwa kodi mara nne ya mwenye uwanja. Kasoro ya namna hii haihitaji mhandisi wa kuirekebisha. Inahitaji mtunga sheria mwenye macho.

Ndugu zangu, huenda mtu akasema: hayo ni ya California, sisi yatuhusu nini? Yanatuhusu kwa jambo moja lililo dhahiri. Soketi ya kawaida ya hapa kwetu ina volti 230, karibu mara mbili ya ile ya Marekani. Soketi tunayochomeka birika inaweza kulilisha gari zaidi ya soketi ya kawaida ya San Francisco, na pikipiki au bajaji ya umeme haihitaji hata nusu yake. Mtambo tunao ukutani tayari. Linalobaki ni swali lilelile la kule: ukuta huo ni wa nani, mita ni ya nani, na mpangaji wa chumba kimoja atachomekea wapi?

Hivyo anayechora ramani ya nyumba za walimu, anayepitisha vibali vya ujenzi katika halmashauri, na anayepanga barabara za mtaa mpya, asingoje mpaka ukuta ukauke. Kulaza bomba tupu la waya ndani ya ukuta mbichi ni gharama ndogo. Kuuvunja ukuta miaka kumi baadaye ni gharama ya mnyonge. Na zaidi ya bomba la waya, atazame ramani yenyewe na kuuliza: mtumishi atakayelala hapa, kazi yake iko umbali gani? Swali hilo California ilichelewa kuliuliza, na leo inalilipia kwa petroli, kwa umeme, na kwa saa za usingizi wa wafanyakazi wake.